Mchezaji Akishika Kipaza Sauti, Ulimi Ni wa Nani?

Usiku wa Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023, Waingereza walifungua televisheni zao kutazama Match of the Day, kipindi cha BBC cha muhtasari wa mechi za ligi kilichoanza mwaka 1964. Hawakukuta mtangazaji, hawakukuta wachambuzi, wala hawakusikia sauti ya mtu akisimulia mchezo. Walioneshwa mabao na kusikilizishwa kelele za mashabiki kwa dakika 20 hivi, kisha kipindi kikaisha. Aliyekosekana kitini alikuwa Gary Lineker.

Vijana wengi wanamfahamu kama mtangazaji tu. Alizaliwa Leicester mwaka 1960, akawa mshambuliaji wa Leicester City, Everton, Barcelona na Tottenham, na mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1986 kwa mabao 6. Aliifungia timu ya taifa ya Uingereza mabao 48 katika mechi 80, na hakuwahi kuoneshwa kadi, hata ya njano. Baada ya kumalizia soka lake Japani, aliingia studio. Wachezaji wastaafu wengi huishia katika kiti cha uchambuzi, ambako mtu hueleza tu anachokijua. Lineker alivuka hatua moja zaidi: mwaka 1999 alirithi nafasi ya Des Lynam, akawa mwenye kuuliza, kuongoza mazungumzo na kulinda muda. Alidumu hapo miaka 26.

Kosa lake la mwaka 2023 halikutendeka katika kipindi. Waziri wa Mambo ya Ndani, Suella Braverman, alikuwa ametangaza muswada wa kuwazuia watu wanaoingia Uingereza kwa mashua ndogo wasiombe hifadhi. Katika ukurasa wake wa Twitter, Lineker aliandika kwamba sera hiyo ni ya kikatili, na kwamba lugha inayoitetea haitofautiani sana na ile iliyotumika Ujerumani katika miaka ya 1930. Siku tatu baadaye BBC ikamweka kando, kwa hoja kwamba shirika la umma halipaswi kuegemea upande.

Sasa turudi nyuma miezi minne. Novemba 2022, akifungua matangazo ya Kombe la Dunia, Lineker huyohuyo alizungumzia hali ya wafanyakazi wahamiaji na haki za binadamu nchini Qatar. Safari hii alikuwa ndani ya studio, mbele ya kamera za BBC, katika saa za kazi. Hakuwekwa kando. Kwa hiyo naona vigumu kuamini kwamba tatizo lilikuwa mchezaji kuchanganya mpira na siasa. Alipoikosoa serikali ya mbali aliachwa aendelee. Alipoikosoa ya nyumbani akaambiwa kazi yake haimruhusu. Mwenyekiti wa bodi ya BBC wakati huo, Richard Sharp, alikuwa amekichangia fedha chama tawala, na mwezi uliofuata alijiuzulu kwa kutoweka wazi nafasi yake katika mpango wa mkopo wa Boris Johnson. Msomaji apime mwenyewe nani alikuwa ameegemea wapi.

Iko hoja ya upande wa pili, nami siidharau. BBC huendeshwa kwa ada inayolipwa na kila kaya yenye televisheni, pamoja na kaya za wafuasi wa Braverman. Lineker alikuwa akipokea zaidi ya pauni milioni 1.3 kwa mwaka. Anayelipwa hivyo na umma anaweza kuombwa awe na kiasi. Lakini kiasi hicho kinapaswa kuandikwa kabla ya mtu kuadhibiwa. Mwongozo mpya wa BBC kuhusu watangazaji wa vipindi vikubwa na mitandao ya kijamii ulitoka Septemba 2023, nusu mwaka baada ya yeye kuondolewa na kurudishwa.

Alirudishwaje? Hapa watumishi wa umma wasome kwa makini. Ian Wright na Alan Shearer, wachezaji wastaafu wenzake, walikataa kukaa studio bila yeye. Alex Scott naye akakataa kuongoza kipindi chake cha mchana. Wasimulizi wa mechi wakafuata. Jumatatu BBC ikasalimu amri. Lineker hakuokolewa na kifungu chochote cha sheria. Aliokolewa na umaarufu wake, na wenzake ambao nao walikuwa na majina na akiba. Muuguzi wa zamu, mwalimu au afisa wa halmashauri anayeandika maneno kama yale kwenye simu yake jioni hana Shearer wa kumsubiri mlangoni. Kwake swali la wapi mamlaka ya mwajiri yanaishia ni swali la mshahara wa mwisho wa mwezi.

Wala simfanyi Lineker kuwa mtakatifu. Mei 2025 alisambaza mtandaoni video kuhusu Uzayuni iliyokuwa na picha ya panya, mnyama ambaye propaganda ya Wanazi ilimtumia kuwadhalilisha Wayahudi. Alisema hakuiona picha hiyo, akaifuta, akaomba radhi, na mwezi huohuo akaondoka BBC mapema kuliko ilivyopangwa. Aliyewaonya wengine kuhusu lugha ya miaka ya 1930 alipaswa kutazama mara mbili anachokisambaza. Hata hivyo, kosa la 2025 haliwezi kuihalalisha adhabu ya 2023. Kila moja lina mizani yake.

Kiti chake sasa kinakaliwa kwa zamu na watu watatu: Kelly Cates, Mark Chapman na Gabby Logan. Ni watangazaji hodari, na hakuna kati yao aliyewahi kuwa mchezaji wa soka la kulipwa. Sidai kwamba walichaguliwa kwa sababu hiyo. Ila mchezaji anayetundika daluga leo akakitazama kiti kile, nadhani kabla ya kuuliza kuhusu mshahara atauliza kwanza ni maneno gani yamo ndani ya mkataba.