Mashine Bila Njia ya Damu

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilipoanza mpango wa kukodi vifaa kwa ajili ya hospitali za kaunti, mashine za kusafisha damu zilikuwa miongoni mwake. Viongozi walizizindua, picha zikapigwa, nasi tukashangilia. Swali ambalo hatukuuliza ni hili: damu ya mgonjwa itaifikiaje mashine?

Si swali dogo. Mashine ya figo ilikuwapo tangu miaka ya 1940, lakini wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa kabisa waliendelea kufariki, kwa kuwa kila mara daktari alilazimika kukata mishipa upya, na mishipa huisha. Mwaka 1960, mjini Seattle, Belding Scribner alimwekea Clyde Shields mirija ya Teflon mkononi. Mgonjwa huyo akaishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 madaktari wa New York wakaonyesha njia bora: kuunganisha ateri na vena ya mgonjwa mwenyewe chini ya ngozi ya mkono. Huitwa fistula, na isichanganywe na ile ya uzazi. Mishipa isipofaa, hupandikizwa bomba la sintetiki.

Fistula huhitaji majuma kadhaa kukomaa kabla ya kudungwa sindano. Anayefika hospitalini akiwa mahututi hana majuma hayo. Huwekewa mrija shingoni. Mrija huo humwokoa siku ile, lakini kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mlango wa vijidudu kuingia katika damu. Cha muda hugeuka cha kudumu kwa sababu upasuaji haukupangwa mapema, daktari wa mishipa yuko mbali, au fedha hazipo.

Hapo ndipo ilipo siasa ya jambo hili. Mashine hukatiwa utepe. Mshipa wa mkono wa maskini haukatiwi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika nafasi ya NHIF. Tunapoipima, tusiishie kuuliza inalipia vipindi vingapi vya kusafisha damu kwa juma. Tuulize ni wagonjwa wangapi walioanza matibabu wakiwa na fistula iliyokomaa, na ni wangapi ambao bado wana mirija shingoni baada ya miezi mitatu. Kila kaunti na itangaze hesabu hizo mbili kabla ya kuzindua mashine nyingine.