Kikombe cha hedhi kianzie kwa mama, si kwa mwanafunzi

Kila ifikapo Mei 28, Siku ya Hedhi Salama Duniani, picha huwa ile ile. Mgeni rasmi ameshika kiboksi, nyuma yake bango la wafadhili, mbele yake safu ya wasichana wa sekondari waliovaa sare, macho chini, kila mmoja na kiboksi chake mkononi. Siku hizi baadhi ya viboksi hivyo havina taulo za kike. Ndani kuna kikombe cha hedhi, kile cha silikoni laini kinachokunjwa na kuingizwa ukeni ili kikinge damu badala ya kuifyonza. Hotuba zikiisha, magari yanaondoka. Binti wa miaka 14 anarudi bwenini na kitu ambacho mama yake hajawahi kukiona, matroni hajawahi kukivaa, na mwalimu aliyekigawa hajui zaidi ya yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa humo ndani.

Mimi ni mtumiaji wa kikombe, na nakipenda kuliko ninavyoweza kueleza hapa bila kuwaharibia watu chai ya asubuhi. Ndiyo maana ugawaji wa namna hii unanikera. Umeanza na mwenye sauti ndogo kuliko wote nyumbani. Kingeanza na sisi watu wazima.

Nafundisha kuogelea Dar es Salaam, na Jumamosi asubuhi bwawa ni la wanawake peke yao. Kazi ya majini haisubiri mtu amalize siku zake, na pedi ikiingia majini hunywa maji yote inayoyakuta. Kwa miaka mingi, basi, nilikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa mji huu wanaonunua tamponi. Zipo kwenye supamaketi za Masaki na Mikocheni na katika maduka machache ya dawa. Zinatoka nje, bei yake inapanda dola ikipanda, na zikiisha zimeisha, unamwagiza mtu anayekwenda Nairobi. Sizisingizii, kazi yake zinaifanya. Ila tamponi hufyonza kila kitu, hata unyevu ambao mwili unauhitaji, na zile siku za mwisho damu ikiwa kidogo hutoka kavu, inakwaruza. Kile kiuzi chake nacho hulowa maji ya bwawa, ukashinda na klorini mwilini.

Tena ina saa zake: isipite nane. Onyo hilo lina historia. Mwaka 1980 huko Marekani wanawake waliugua, na wengine wakafa, kwa sumu ya bakteria iliyohusishwa na tamponi zenye nguvu kubwa ya kufyonza, hadi chapa ya Rely ikaondolewa sokoni. Kikombe hakijasalimika kabisa. Yameripotiwa matukio machache sana, na ndiyo sababu nacho hakiachwi ndani zaidi ya saa 12. Lakini saa 12 ni siku nzima ya kazi. Nakivaa alfajiri, nakitoa nikirudi nyumbani.

Nieleze kinavyovaliwa, maana watu wengi wanakisifia au kukiponda bila kufika hapa. Kwanza mikono kwa sabuni. Mimi naweka mguu mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, nabonyeza ukingo wa kikombe uingie ndani hadi kibaki na unene wa kidole gumba, halafu nakielekeza nyuma, upande wa kifandugu, si juu kama wengi wanavyodhani. Kikishaingia hufunguka chenyewe. Kisha unapitisha kidole kukizunguka kuhakikisha hakuna sehemu iliyobaki imekunjika, kwa sababu damu hupita hapo hapo. Kikikaa vizuri unakisahau.

Kinachoogopesha ni kukitoa. Anayeanza hukamata kile kijiti cha chini akavuta. Kikombe kimejibana kwa hewa, kinagoma, hofu inapanda, misuli inakaza, na sasa ndiyo hakitoki kabisa. Dawa yake ni kuchutama na kujikamua kidogo mpaka ukishike kitako chake, ukibonyeze hewa ipate pa kuingia, halafu ukilete taratibu kikiwa wima. Unamwaga, unasuuza, unakirudisha. Mahali pasipo na bomba, chupa moja ya maji inatosha.

Mwanzo na mwisho wa kila hedhi kinachemshwa. Nina sufuria yangu ndogo, mkono wake nimeufunga uzi mwekundu asije mtu akachemshia mayai. Mama mkwe alipokuja kutoka Pangani kutibiwa macho, aliikuta jikoni, akafunua mfuniko.

"Mwanangu, hiki kinachochemka ndiyo kiungo cha nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kisha akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa bora kuliko ya semina zote nilizohudhuria. Hakiwezi kupotelea tumboni? Hakiwezi, mama, njia ile ina mwisho wake, na mlango wa kizazi hauruhusu kitu cha ukubwa huo kupita. Ukienda haja ndogo je, kinatoka? Hapana, mkojo una tundu lake. Akanyamaza kidogo. Ujana wake wote alikuwa somo, amewafunda wari wengi wa mtaani kwao, akiwaonyesha jinsi ya kukunja sodo, kuifunga kiunoni, kuifua gizani na kuianika chini ya nguo nyingine isionekane na mwanamume. Na kitambaa cha hedhi kinahitaji jua kuliko nguo yoyote ndani ya nyumba!

"Hiki kitu cha mwari," aliniambia, "mbona mnakipitisha juu ya kichwa cha somo wake? Nani kamtuma mwalimu?"

Sijapata kusikia hoja yangu ikisemwa vizuri zaidi ya hapo.

Wataalamu nao, kwa lugha yao, hawako mbali na mama mkwe. Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti 43 zilizohusisha wanawake na wasichana wapatao 3,300. Kikombe kilionekana kuzuia uvujaji sawa na pedi na tamponi au kuzishinda, na katika walioulizwa, takriban asilimia 70 walitaka kuendelea nacho. Hayo ndiyo yanayonukuliwa kwenye mabango. Kisichonukuliwa ni kwamba kukizoea kunachukua miezi kadhaa, na kwamba wenye mtu wa kuwaelekeza na kuwatia moyo ndio wanaofanikiwa. Kule Siaya, magharibi mwa Kenya, ambako wanafunzi walipewa vikombe kwa ajili ya utafiti, walikuwapo wauguzi wa kuwafuatilia shuleni. Shule zetu nyingi zinapata mgeni rasmi na kiboksi tu.

Na kuna jambo la bikira, tusilizunguke. Mzazi akikuta kitu hicho kwenye begi la binti yake, swali lake la kwanza halitakuwa kuhusu silikoni. Utando ule unatofautiana kwa kila msichana, una uwazi wake tangu kuzaliwa, na hauwezi kuthibitisha lolote. Shirika la Afya Duniani na wenzake katika Umoja wa Mataifa walitaka mwaka 2018 upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali, kwa kuwa hauna msingi wa kitabibu. Lakini mama wa Kondoa au Mtwara hatashawishiwa na tamko la Geneva. Atashawishika akiwa amekivaa mwenyewe, anajua kinafika wapi na hakifiki wapi, na akiamua bintiye asubiri mpaka awe mkubwa kidogo, huo pia ni uamuzi wa mtu anayejua anachokisema. Hapo sina ugomvi naye.

Isitoshe, tukiuliza nani anakihitaji zaidi, mwanafunzi hata si wa kwanza. Nenda Paje au Jambiani wakati wa bamvua, maji yakitoka, uwaone wanawake wa mwani wameinama katika maji ya magotini kwa saa kadhaa, wakifunga na kuvuna. Sehemu ya siku hizo za bamvua lazima iangukie hedhi ya mtu, na bahari haiahirishi. Panda basi la Tunduma umwone mama mfanyabiashara anayesubiri dereva asimame kuchimba dawa, dakika kumi, kichaka kimoja, abiria hamsini. Abadili pedi wapi, na iliyotumika aitupe wapi? Muuguzi wa zamu ya usiku, askari wa lindo, muuza samaki wa Feri, wote hawa ni watu wazima wenye fedha yao kidogo na uamuzi wao. Hakuna mradi hata mmoja uliowahi kunijia nikiwa mmoja wao.

Fedha yenyewe inahesabika. Pakiti mbili za pedi kwa mwezi, tuseme shilingi 2,500 kila moja, ni 60,000 kwa mwaka. Kikombe nilichonunua kilikuwa 35,000, na watengenezaji wanasema kikitunzwa kinafika miaka kumi. Tatizo ni kwamba 35,000 inatoka mara moja, na nyumba nyingi hazina 35,000 ya kutoka mara moja. Kwenye vikoba vyetu tunakopeshana kwa ajili ya majiko ya gesi na ada, sioni aibu ya kukopeshana kwa hili. Serikali nayo imeshawahi kujaribu kwa upande wa taulo za kike: Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 iliondolewa katika bajeti ya 2018, ikarudishwa 2019 kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Kwamba mfanyabiashara alikula nafuu hiyo, naamini. Kwamba adhabu yake ilipwe na mnunuzi, hapo ndipo sijaelewa mpaka leo. Kenya iliifuta mwaka 2004.

Kuna faida moja ya kikombe ambayo pedi haiwezi kuitoa, na nimeiona kwa mmoja wa wanafunzi wangu wa Jumamosi. Damu ya mwezi mzima kwa kawaida ni mililita 30 hadi 80, yaani haijazi hata vikombe viwili vya muuza kahawa. Kwenye pedi haisomeki, kila mtu anasema tu "inatoka nyingi" na anaambiwa ndiyo mwili wake. Kikombe kina mistari. Yule mama alikuwa akikijaza mililita 25 kila baada ya saa mbili hivi, akaandika kwenye simu, akaenda na hesabu hiyo hospitalini badala ya kwenda na malalamiko. Alikutwa na uvimbe kwenye kizazi, na damu yake ilikuwa imeshuka kiasi cha kushangaza kwamba alikuwa bado anapiga mbizi. Miaka yote hiyo alikuwa akimeza vidonge vya kuongeza damu bila kuulizwa damu inakwenda wapi.

Wala si kitu kipya kiasi cha kutisha. Leona Chalmers, mwigizaji wa Marekani, alikisajili mwaka 1937, kikiwa cha mpira, kabla Vita Kuu ya Pili haijaumaliza mpira wote. Kimekuwa kikizunguka dunia tangu hapo kikisubiri kufika Kibaigwa.

Kifikeje? Kwa njia iliyopo tayari. Zahanati zetu zina chumba cha uzazi wa mpango, kitanda, glavu, pazia, na muuguzi anayemweleza mwanamke mlango wa kizazi uko wapi bila kupepesa macho. Ndiye huyo huyo anayeweka kitanzi, na mwenye kitanzi lazima azungumze naye kabla ya kuvaa kikombe, kwa sababu akivuta bila kutoa hewa kwanza anaweza kuking'oa. Ndiye anayemwona mama aliyejifungua akirudi baada ya arobaini, akamwambia kama ameshapona vya kutosha kuvaa kitu ndani. Kumwelekeza mtu kikombe kunamhitaji robo saa na kimoja cha kuonyeshea. Wafadhili wanaopeleka makasha ya vikombe shuleni wapeleke nusu yake huko, saizi zote mbili, na vya kwanza wapewe wauguzi wenyewe, wavivae miezi miwili mitatu kabla ya kumfundisha mtu yeyote.