Daftari la Kukodi la Nini?

Jamani, mtu anayejiita mtaalamu wa kompyuta anakodije programu kwa dola kila mwezi ili aandike tu saa alizofanyia wateja kazi? Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inatutaka tuhifadhi rekodi miaka 5. Ukikosa ada mwezi mmoja, au kampuni ikifungwa, rekodi utazitoa wapi? Mimi natumia faili moja ya maandishi tu: tarehe, mteja, saa, kazi, gharama. Nakala ziko kwenye diski mbili. Na tangu Januari 2024, gharama nyingi zisizo na ankara ya eTIMS, KRA haikubali uzitoe kwenye mapato, hata programu yako izichoree grafu za rangi. Dai ankara, andika siku hiyo hiyo. Basi!