Mwacheni Mzee Ameze

Twaandika haya kwa uchungu, wala hatutaficha neno. Katika mtaa wetu wa Mabanga, juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, wako wazee wasiouawa na njaa wala na sumu. Wauawa na chakula tunachowatia kinywani kwa nguvu, tukiita kazi hiyo upendo.

Ndugu msomaji, habari yenyewe waijua. Mama mzee alianza kwa kusahau majina ya wajukuu. Baadaye akasahau njia ya kurudi kutoka soko la Virunga. Sasa hasemi tena, amelala mchana kutwa. Jioni mmoja amshika kichwa, mwingine amfungua kinywa, wa tatu atia tonge la bugali. Akikohoa, amiminiwa maji. Akitema, agombezwa. Baada ya siku chache homa yaingia, kifua chakoroma, naye afariki. Kwenye kilio watu wanong'onezana: “Ni karuho. Mtazameni mkwe wake.”

Huo ni uongo, na ni uongo uletao damu! Ugonjwa wa kusahau ni ugonjwa wa ubongo. Mwanzo waiba majina, na mwisho waiba hata kumeza. Kooni mna njia mbili, moja ya chakula na moja ya pumzi. Kila tumezapo, ubongo huamuru njia ya pumzi ifungwe. Ubongo uliochakaa hukawia kutoa amri hiyo, na uji au mate hushuka mapafuni. Humo huoza na kuleta kichomi. Basi sumu iko wapi hapo? Mchawi ni nani?

Wengine wasema ugonjwa huu ni wa Wazungu. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa milioni 57 mwaka 2021, na zaidi ya 60 kwa mia kati yao wakaa katika nchi zisizo tajiri, kama yetu.

Wengine watatuuliza: “Je, tumwache afe na njaa?” Hasha! Twasema mlisheni, lakini kama mtu, si kama gunia. Mketisheni wima, mito mgongoni, kidevu kikiinama kidogo. Asipoamka vizuri, ngojeni. Kijiko kiwe kidogo, na cha pili kisije kabla hamjaona koo likipanda na kushuka. Maji matupu hukimbia upesi kuliko koo lake. Mara nyingi uji mzito kidogo humfaa zaidi. Tonge kavu, na mchuzi wenye punje za maharagi, ni hatari. Akikohoa, au sauti ikilia kama ya mtu mwenye maji kooni, acheni mara moja. Akiisha kula, akae wima nusu saa, na kinywa chake kisafishwe, maana uchafu wa kinywa nao hushuka mapafuni. Kisha mwiteni mwuguzi atazame.

Tena wako wenye fedha wanaotaka mzee atiwe mpira wa kulishia. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kiliandika ya kuwa, kwa mgonjwa wa kusahau aliyefika mwisho, mpira hauongezi siku wala hauzuii kichomi. Mkono wenye subira wafaa zaidi. Na Baba Mtakatifu Piusi XII aliwaambia madaktari, tarehe 24 Novemba 1957, ya kwamba kwa kawaida wajibu wetu wa kutunza uhai ni kwa njia za kawaida, zisizoleta mzigo mzito. Kijiko chenye subira ni njia ya kawaida. Kufungua meno ya mzee kwa nguvu si njia ya kutunza uhai hata kidogo.

Siku itafika mama atafumba midomo na kugeuza uso. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, yasikilizeni! Wakati huo mwili waaga, nao hauombi tena sahani. Si njaa imwuayo, ni ugonjwa. Lowesheni midomo yake kwa kitambaa safi, mshikeni mkono, msali naye.

Mabanga imeona mengi: moto wa mlima mwaka 2002 na 2021, vita ya mwaka 2025. Katika mbio hizo wengi wetu tuliwabeba wazee mgongoni. Je, tuliowabeba njiani tuwasonge kitandani? Na yule mkwe aliyekesha na kufua mashuka, tumlipe kwa kumwita mchawi? Wakubwa wa shirika, lisemeni neno hili kila nyumba kabla ya kilio, si baada yake. Anayemlisha mzee kwa haraka anajilisha mwenyewe sifa ya majirani. Anayempenda humngoja ameze.