Meno ya plastiki
Kwenye foleni za kliniki za watoto, wiki hii kama zilizopita, ushauri wa mabibi ni uleule: mtoto akiharisha na homa ikampanda, mfunue ufizi, ukiona vivimbe vyeupe panapoota chonge, hayo ni meno ya plastiki, mpeleke yakang'olewe. Vivimbe vipo kweli, mabibi hawajazua. Ila kilicho chini yake ni jino la chonge la utotoni linalojiandaa kutoka, kwa kawaida kati ya miezi 16 na 22, na kila mtoto analo, anayeumwa na asiyeumwa. Mganga hulichokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji sasa anavuja na damu, pepopunda inamnyemelea, na chonge la ukubwani, ambalo chipukizi lake liko jirani, huenda likaota limepinda au lisiote kabisa. Watasema: mbona wa jirani aling'olewa akapona? Kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe baada ya siku chache, na aliye karibu siku ya kupona ndiye hupewa sifa. Waliozikwa hawaitwi kutoa ushahidi. Kung'oa huko si uganga, ni kumjeruhi mgonjwa. Kuhara hutibiwa kwa ORS, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na ziwa la mama bila kukatizwa; akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo.