Mnabishania Kasi ya Nani?

Jamani, juzi Bagamoyo, karibu na soko la samaki, nilikuta watengeneza programu wawili wakibishana: Clojure inachelewa, Java ndiyo yenye kasi. Nikawauliza, mmepima? Kimya.

Clojure, mjukuu wa Lisp ya John McCarthy ya mwaka 1958, ilitolewa na Rich Hickey mwaka 2007, tena huendeshwa juu ya injini ileile ya Java! Ikichelewa, mara nyingi hujaitajia aina ya data, ikabaki kuitafuta ikiwa kazini. Itajie pale penye kazi nzito, utaona.

Programu yao ya mauzo ya samaki imekwama miezi minne kwa ubishi huu. Akina mama wauzaji bado wanaandika kwenye daftari. Kwangu, huko ndiko kuchelewa. Au nakosea? Nisahihisheni.