Mwisho wa Siku ya Nani?

Waingereza wenyewe wameuchoka. Mwaka 2004 Plain English Campaign, jumuiya inayotetea Kiingereza kilicho wazi tangu 1979, iliwauliza wafuasi wake ni msemo upi unaowaudhi zaidi. Ulioshika nafasi ya kwanza ni "at the end of the day". Nyuma yake zilifuata "at this moment in time" na ile "like" inayotiwa kila baada ya neno kana kwamba ni mkato. Ni maneno ya kujaza kinywa. Ukiyaondoa, maana haipungui.

Ajabu ni kuwa kilichowakinaisha wenyewe, sisi tumekiokota, tukakivika kanzu na kukiita "mwisho wa siku". Mwanasiasa humalizia hoja kwacho, mtangazaji huanzia kwacho. Hatimaye, mwishowe na mwisho wa yote vimeachwa vikiota kutu.

Tena kwetu Pwani siku huisha jua linapotua, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Anayetuahidi kwamba "mwisho wa siku" maji yatatoka bombani, basi tumngoje kwenye adhana ya magharibi, ndoo mkononi?

Sikatazi mtu kuvuta pumzi katikati ya maneno. Kwa haja hiyo tunazo yaani, basi na sasa, na zinatosha. Lakini mshairi akitia neno tupu ili mizani itimie, tunamcheka hadharani. Msemaji wa jukwaani, asiyebanwa na mizani wala vina, ana udhuru gani?